Radio Inayostahimili Salamu

Mimi ndiye mtu wa phonie katika hospitali yetu ya Kasongo. Phonie ni zile radio za kuzungumzia zinazotuunganisha na vituo vya afya ambako simu haishiki: mmoja anabonyeza mikrofoni na kusema, mwingine anasikiliza, na ukimaliza unasema "à vous" ili mwenzako ajue zamu ni yake. Nilisomea umeme, nikaolewa na fundi wa baiskeli, na mume wangu husema ulimi wangu ndio chombo pekee nyumbani kisicho na breki. Nayasema haya mapema ili msije mkashangaa.

Radio zetu zilikuwa kuukuu. Kwa miaka nilizitibu kwa kunyofoa kifaa cha iliyokufa na kukitia katika iliyo mahututi, mpaka hakukubaki cha kunyofoa. Ya kituo cha Wamaza ndiyo iliyonitesa zaidi. Sauti ya mkunga wetu wa kule ilinijia kama mihogo inayokaangwa, na siku nyingine haikuja kabisa. Siku moja ya namna hiyo, mama mmoja alitokwa na damu baada ya kujifungua. Mkunga aliita na kuita, nisimsikie. Akatuma pikipiki. Barabara ilikuwa matope matupu, na dereva alipotufikia, kule walikuwa wameshaanza kuchimba kaburi. Nililia mbele ya kile kisanduku, kisha nikakipiga kofi.

Baada ya msiba huo kamati ya hospitali ilipata fedha za kununua radio mpya kwa vituo vyote, mara moja tu. Daktari mkuu aliniita akaniambia nichague mimi, na kwamba nikikosea hatutanunua tena. Maana yake niliielewa vizuri: mkunga wa Wamaza angebaki bubu, na wanawake wake wangeendelea kufa huku mimi nimekaa kwenye kiti changu.

Muuzaji alikuwa na aina tatu. Kwa kuwa alikuja kwa njia ya Kabambare, nilimwomba apitie Wamaza amwachie mkunga pacha wa kila radio, kisha atuletee zile nyingine Kasongo. Alishangaa. Alizoea wateja wanaosoma karatasi, wanaangalia picha, wanalipa. Nikamweleza kwamba sokoni kwetu mtu hanunui baiskeli kwa kuitazama. Anaipakia gunia la mpunga, juu ya gunia anakaa mwenye gunia, na mzigo wote unapandishwa mlima. Baiskeli ikirudi nzima ndipo mnaanza kuzungumza bei. Radio zake nazo zingebeba mzigo wetu. Akauliza mzigo gani. Nikamwambia asubiri.

Ya kwanza ilikuwa nyembamba, kioo chake kikiwaka buluu. Kizuri chajiuza. Daktari, ambaye ni mtu mwema ila anapenda vinavyong'aa, alikuwa ameshaichagua moyoni. Niliita Wamaza, mkunga akaitika, akaanza kunisalimia.

Hapa kwetu hakuna anayetaja shida kabla ya salamu, hata kwenye phonie, na mkunga wa Wamaza, aniitaye yaya, yaani dada mkubwa, ni bingwa wa kazi hiyo. Anaanza na wewe, anapita kwa mume, watoto, wakwe, mvua na mahindi, anamalizia na kuku. Sijapata kumsikia akiruka mtu.

"Jambo yaya. Umeamuka muzima? Batoto bameamuka? Baba yabo iko? Na mama mukwe, muguu yake inaendelea..."

Kimya. Radio ilikuwa imejikata yenyewe, ikamwacha mama mkwe wangu na mguu wake njiani. Muuzaji akaeleza kwamba inajikinga na joto: ukisema mfululizo inajizima ili ipumzike. Daktari akasema basi watu wajifunze kusema kwa kifupi. Hapo ulimi wangu ukateremka mlima.

"Docteur, salamu haiko mapambo," nilimwambia. "Mutu akinisalimia, najuaka kama iko muzuri ao iko na shida. Ukikata salamu, umenikata masikio."

Alikunja uso, na mimi nikajifanya nafunga waya ambao haukuhitaji kufungwa.

Ya pili ilikuwa na nguvu, ikatufikisha salama mpaka kwenye mahindi. Lakini kule Wamaza phonie imewekwa ndani ya chumba cha kujifungulia, na inakula betri moja na taa ya chumba hicho. Nilikuwa nimemwomba mkunga aiwashe taa ingawa ilikuwa mchana. Akaniambia inafifia. Nikaiweka radio hiyo kando. Inayokula taa ya wazazi siitaki hata bure.

Ya tatu ilikuwa nene, nzito, rangi ya jivu, na nyuma yake feni ikivuma kama mashine ya kusagia mihogo. Daktari aliitazama kama mtu aliyeletewa mchumba asiyemtaka. Mkunga, bila kuchoka, akaanza tena kutoka mwanzo. Akamaliza watu, akamaliza mvua, akamaliza kuku. Nikamjibu yote, kisha nikamwambia aendelee, akamwita mlinzi wa kituo naye akanisalimia pamoja na mbuzi wake. Taa, wakasema, inawaka vilevile. Na sauti ilikuwa safi hata nikamsikia mkunga akivuta kamasi. Nikamuuliza kama ana mafua. Akacheka, akasema tangu juzi.

Niliruka kutoka kitini nikapiga vigelegele. Wagonjwa walitoka kutazama kama kuna harusi. Nikamwambia muuzaji ni hii, wala tusipoteze muda. Daktari alitia sahihi, ila akaniomba nisimlaumu siku watu watakaposhinda wakisalimiana.

Wakashinda kweli wakisalimiana, nami nikafurahi. Mpaka alasiri moja ya masika, daktari akiwa amesimama chumbani mwangu akisubiri habari za dawa za kituo cha Lusangi, Wamaza ikaita.

"Yaya, damu."

Basi. Hakuna jambo, hakuna watoto, hakuna kuku. Kabla mkunga hajasema neno lingine, daktari alikuwa ameshamwita dereva wa jeep dirishani, akamwagiza aende na muuguzi na damu ya kuongezea. Kisha akaichukua mikrofoni mkononi mwangu. Kule mikono ya mkunga ilikuwa kazini juu ya mama aliyetoka kujifungua, mlinzi akimshikia mikrofoni mdomoni. Daktari akaanza kumwongoza: pa kubana, kwa nguvu gani, asiachie. Alisema mfululizo, kwa upole ambao sikuwa nimeujua kwake, akinyamaza kidogo tu amsikie, kisha anaendelea. Mimi niliiwekea radio mkono mgongoni. Ilikuwa ya moto, feni inalia, nami nikaibembeleza kwa Kizimba, lugha ya mama yangu, ishike, ishike tu.

Ikashika. Damu ikapungua, kisha ikakoma. Jeep ilipofika Wamaza ilimkuta yule mama macho wazi na mtoto wake ananyonya. Mlinzi alipotupa habari hiyo, daktari alijifuta uso kwa koti lake jeupe akaondoka. Mimi nililia tena mbele ya kisanduku, safari hii nikikipapasa.

Asubuhi Wamaza iliita mapema. Daktari alikuwa ameshafika, akitaka kujua mgonjwa amelalaje.

"Yaya, jana sikukusalimia," mkunga akasema. Sauti ilikuwa imechoka, lakini ilikuwa yake. "Mama iko muzuri, mutoto iko muzuri. Sasa naanza mwanzo. À vous."

Nilitaka kujibu, daktari akanyoosha mkono. Akavuta kiti, akakaa, akajibu yeye. Ameamka mzima. Watoto wameamka. Mvua imenyesha. Alipoulizwa mguu wa mama mkwe wangu alifunika mikrofoni akanitazama, nikamnong'oneza kwamba unaendelea, naye akajibu hivyo hivyo. Walipofika kwenye mahindi mkunga akanyamaza, nadhani aliona haya kumchosha mkubwa wa hospitali.

Daktari akabonyeza tena.

"Na kuku?" akamuuliza. "Haukuniuliza juu ya kuku."