Maiti Aliyeinua Kichwa

Ukimtukana Erupe mwenyewe atacheka, lakini usithubutu kumwambia kwamba filamu fulani ni mbovu. Atakukalisha kwenye benchi mpaka jua lihame upande, akueleze ni kwa nini farasi aliyeingia mtoni ni mweupe na aliyetoka ni mwekundu, na ni kwa nini wewe, bwana mwenye macho mawili mazima, umeshindwa kuona uzuri wake. Watu wazima wamewahi kumtoroka kwa kisingizio cha kwenda haja.

Kazi yake ni udijei wa filamu katika kibanda cha vidio cha Nhial, pale kambi ya wakimbizi ya Kakuma. Dijei wa filamu si mpiga muziki. Hukaa kando ya televisheni, maikrofoni mkono wa kulia, mkono wa kushoto kwenye kitufe cha sauti. Wahusika wakianza kusema lugha zao, yeye huwashusha sauti na kuwasemea kwa Kiswahili. Wasipokuwa na la maana, huwatafutia. Ndani ya kibanda kile wamekaa Waturkana, watu wa Sudan Kusini, Wakongomani na Wasomali, na wote wamecheka kwa kinywa cha mtu mmoja.

Alizaliwa Lokitaung. Ukame ulipomaliza mifugo ya baba yake, mama alimleta Lodwar akiwa mdogo. Filamu ya kwanza aliiona kwenye ukuta wa kanisa, ikaharibika katikati, wakubwa wakaenda zao. Watoto walibaki wamekaa mchangani wakilia kwamba hawajui mwisho. Erupe akasimama mbele ya ukuta mtupu akawapa mwisho, na tangu siku hiyo hajawahi kufanya kazi nyingine ya maana, ingawa mama yake alimwombea sana.

“Filamu nzuri ina kiburi,” husema. “Inajitosheleza, haihitaji mtu. Filamu mbovu inakunyooshea mkono.”

Na katika zote zilizowahi kumnyooshea mkono, hakuna aliyoipenda kama *Risasi za Mto Mkavu*. Wageni kutoka ng'ambo waliipiga mwaka 1987 kwenye mchanga wa Mto Turkwel, karibu na Lodwar, wakaondoka nayo, na huko walikoipeleka hakuna aliyeitaka. Erupe aliikuta kanda yake kwenye sanduku la takataka la hoteli iliyokuwa inafungwa, akainakili kwenye flashi, akaitunza kama yai. Masharubu ya jambazi yalikuwa ya gundi, na kila baada ya muda yalihamia upande mwingine. Shati la shujaa lilichanika na kujishona lenyewe. Nyuma ya jeshi la kale lilionekana gari limeegeshwa, na dereva wake anakula.

Lakini kilema kilichopendwa kuliko vyote ni cha maiti. Shujaa anampiga risasi mchungaji mmoja wa Kiturkana, mchungaji anaanguka vizuri kabisa, anatulia. Halafu, kamera ikiwa bado inamtazama, marehemu anafumbua macho, anainua kichwa, anaangalia kushoto, anachezesha vidole, kisha analala tena na kuendelea kufa. Hapo Erupe hushusha sauti yote na kusema, “Marehemu anauliza, chai bado?” Kibanda huanguka kwa kicheko. Kwa miaka zaidi ya ishirini hakuna aliyechoka na chai ile. Watoto wa Kakuma walikuwa wakiitumia hata shuleni.

Basi Jumatano moja akaingia mtu asiyejulikana, dereva wa lori lililokuwa likipeleka simiti Kalobeyei. Tairi lilikuwa limepasuka, na wakati linazibwa alitafuta kivuli. Jina lake Adome, mtu wa makamo, kimya, amekaa benchi la nyuma. Maiti akainuka, Erupe akauliza chai, watu wakaanguka. Kijana mmoja alipogeuka kumpiga mwenzake bega kwa furaha, akamwona Adome. Akaangalia televisheni. Akamwangalia Adome tena.

“Dijei!” akapiga kelele. “Maiti iko hapa nyuma! Imekuja kuchukua chai!”

Watu wote wakageuka, na kweli, uso ulikuwa uleule. Paji lilelile, mwanya uleule, hata sikio lililokunjika. Walicheka mpaka wengine wakashika matumbo.

Adome hakucheka. Tangu utotoni alikuwa akiambiwa kwamba baba yake, Lochakapong, aliwahi kuchukuliwa na wazungu afe kwa uongo pale Turkwel. Miaka michache baadaye akafa kwa kweli, kwenye uvamizi wa wezi wa mifugo kule mpakani, mahali ambapo hakuna aliyeweza kurudi kuuchukua mwili. Hakuwa na kaburi. Hakuwa na picha. Adome alikuwa amemsahau uso, na hilo ndilo lililomuuma kuliko kicheko chenyewe. Uso wa baba yake ulikuwa umekaa humu miaka yote, unajulikana na kila mtu isipokuwa yeye.

Alipita katikati ya mabenchi, akamnyang'anya Erupe maikrofoni.

“Huyo ni baba yangu,” alisema, na spika ikaitoa sauti yake mpaka barabarani. “Nyinyi nacheka baba yangu? Amekufa porini, fisi ndio nazika yeye, na nyinyi nataka yeye chai?”

Aliitupa maikrofoni, akatoka. Kesho yake akampigia Erupe simu. Mama yake, Awoi, anayeishi Nawoitorong kule Lodwar, alikuwa ameambiwa, na alitaka kumwona mume wake. Angekuja Jumamosi saa tisa.

Erupe akasema upesi, “Mlete asubuhi. Nitafunga mlango, aangalie peke yake kwa heshima.”

“Nimeambia yeye hivyo. Yeye nakataa. Nasema hao watu wanacheka, wakuwe hapo.” Adome akaongeza, “Mimi nakuja na ndugu zangu wawili. Mtu mmoja akicheka, dijei, mtu mmoja tu, hii mabati yenu nang'oa moja moja. Na wewe naanza na wewe.”

Kakuma haina siri. Kufikia Ijumaa kila mtu alijua, na waliokuwa hawajakanyaga kibanda kwa miaka walianza kuulizia nafasi. Wengine walitaka kuona filamu. Wengi walitaka kuona Erupe akipigwa.

Nhial, aliyejenga kibanda kile bati kwa bati tangu alipofika kambini kutoka Sudan Kusini, alileta kompyuta yake Ijumaa mchana, akaifungua mbele ya Erupe.

“Ya Erupe, hiyo kitu nakata tu. Mzee anaanguka, khalas, tunaruka mbele. Mama anaona bwana yake, anafurahi, nakwenda.”

Lilikuwa shauri zuri, na Erupe alilijua. Aliweka kidole juu ya kitufe. Kwenye skrini Lochakapong alikuwa amelala mchangani, amesimamishwa na kompyuta kabla hajainua kichwa, na kwa mara ya kwanza Erupe alimtazama kama mtu. Mbavu zilionekana. Mchanga umemshika shavuni. Aibu ikampanda kama homa. Ni mara ngapi amemwagizia chai mtu huyu?

“Siwezi,” alisema mwishowe.

“Wewe napenda filamu kushinda meno yako?”

“Napenda meno yangu. Lakini ukimtoa mzee hapa, mama atakuwa amesafiri kutoka Lodwar kuja kuona nini, masharubu? Hapo ndipo mahali pekee mtu huyu anapojisogeza mwenyewe. Pengine pote ameambiwa la kufanya.”

Nhial alifunga kompyuta, akatoka nje akiongea peke yake kwa lugha yake. Erupe alibaki ndani. Usidhani alikuwa shujaa. Aliogopa sana, tena alikuwa mtu mwembamba.

Jumamosi saa tisa kibanda kilijaa mpaka watu wakasimama. Awoi aliingia na mkongojo, shingo imejaa shanga, wala hakumwangalia mtu. Alikwenda moja kwa moja mbele. Alitoa kipande cha tumbaku kwenye pindo la nguo, akakivunja, akaweka nusu yake sakafuni chini ya meza ya televisheni, kama watu wanavyowawekea wazee waliotangulia. Kisha akaketi benchi la kwanza. Adome na ndugu zake wawili walisimama mlangoni, kila mmoja na fimbo yake.

“Ejok, Mama,” Erupe alimsalimu.

“Ejok-nooi,” alijibu. “Anza.”

Akaanza. Shujaa alipoingia, Erupe alimsemea. Jambazi alipotisha watu, Erupe alitisha. Masharubu yalihama. Mahali hapo watu hupiga miluzi. Leo walitazama mlangoni. Shati likajishona, hakuna aliyepumua. Yule dereva akaonekana anakula, mtu mmoja akakohoa, wote wakashtuka. Filamu iliyokuwa ikiwachekesha tangu enzi walikuwa wakiiangalia kama watu wanaosikiliza hukumu ya mahakama.

Nhial alikuwa amesimama kando ya jenereta, mkono kwenye swichi. Alimwonyesha Erupe kwa macho: niizime? Erupe akatikisa kichwa.

Mchungaji akatokea juu ya ukingo wa mto. Awoi aliinama mbele. Shujaa akainua bunduki. Erupe alijua sekunde zilizobaki kama anavyojua majina ya watoto wake. Mkono wake wa kushoto ukaenda wenyewe kwenye kitufe cha sauti, kama ulivyozoea, na kinywa kikaanza kujikunja kwa neno “marehemu”. Hapo akaogopa mkono wake mwenyewe. Akauondoa, akaiweka maikrofoni mezani, akakaa kimya.

Risasi ikalia, na haikushushwa sauti. Lochakapong akaanguka. Na katika ukimya ule, kwa mara ya kwanza tangu filamu ile iingie Kakuma, watu wakasikia kilichokuwa chini ya maneno ya Erupe miaka yote: mtoto analia. Haonekani. Yuko mahali fulani nje ya picha, upande wa kushoto, analia kwa pumzi yote, kilio cha mtoto aliyeona jambo lisiloelezeka.

Maiti akafumbua macho. Akainua kichwa, akatazama kushoto. Vidole vikachezacheza juu ya mchanga. Kilio kikakatika. Akalala.

Na nyuma ya kibanda, kijana mmoja, masikini, aliyekuwa amejibana tangu mwanzo, akashindwa. Akapasuka kwa kicheko.

Adome aliruka benchi. Watu wakalaliana ukutani, benchi likaanguka, Nhial akazima jenereta, televisheni ikafa. Fimbo ilikuwa tayari juu.

“Adome!” Awoi hata kugeuka hakugeuka. “Mwache. Hata mimi siku ile nilicheka.”

Fimbo ikabaki juu.

“Erupe,” mama alisema kwa Kiturkana, “hawa wote hawanisikii. Kazi yako si kusemea watu? Nisemee.”

Spika ilikuwa imekufa pamoja na jenereta, kwa hiyo Erupe alisimama na kutumia koo lake tu. Mama alisema kidogo kidogo, naye akafuata nyuma, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake hakuongeza chumvi.

“Anasema siku ile alikwenda mtoni kumwangalia mumewe akifa. Anasema alimbeba mtoto wao, wa miaka mitatu. Walikuwa wamesimama hapo pembeni, karibu na mashine ya picha. Bunduki ilipolia, mtoto akaona baba ameanguka. Mtoto hajui mambo ya filamu. Akalia. Mzee alikuwa ameambiwa asijisogeze hata nzi akimwingia puani, lakini akainua kichwa. Wazungu walimpigia kelele sana. Anasema yeye alicheka mpaka akakaa chini.”

Awoi alinyanyua mkono wake, akachezesha vidole vile vile, taratibu, chini karibu na goti.

“Anasema hivi ndivyo alivyokuwa akimnyamazisha nyumbani. Maana yake, baba yuko hapa.”

Halafu mama akasema neno moja zaidi, jina la mtoto yule, na hilo halikuhitaji kutafsiriwa, kwa maana alilisema akimtazama mwenye fimbo iliyo juu.

Adome alisimama katikati ya mabenchi yaliyopinduka. Mkono ulishuka kidogo kidogo. Yule kijana aliyecheka alikuwa bado amejikunja sakafuni, amefunika kichwa; Adome alimpita kana kwamba hamwoni, akaenda mbele, mtu mzima wa lori na simiti, akakaa chini mbele ya televisheni iliyozimwa, karibu na ile tumbaku.

Nhial akawasha jenereta bila kuambiwa. Erupe alirudisha filamu nyuma, akapandisha sauti mpaka mwisho, na hakugusa maikrofoni. Risasi ikalia. Mtoto akalia. Baba akainua kichwa, akamtafuta, akamwona, vidole vikasema.

“Rudisha,” Adome alisema.

Erupe akarudisha.