Kisigino Kisichogusa Saruji

Mwanangu wa tatu alizaliwa na miezi saba, mdogo hivi kwamba baba yake alipomwona alichungulia nyuma yangu kitandani, akitafuta aliyebaki. Watu wa Dilala, hapa Kolwezi, wananijua kwa kuongeza chumvi, na shule ya usiku niliyoimaliza baadaye haikuniponya. Ilinipa tu maneno mengi zaidi ya kuongezea. Lakini pete yangu ya ndoa kweli ilipita kwenye mkono wa mtoto yule hadi kiwiko. Nilipoiona imepita, niliitoa haraka na sikurudia tena.

Walimweka kwenye kuveze, lile sanduku la kioo lenye joto, akalala humo chali wiki baada ya wiki, mikono imetupwa pembeni kama chura aliyegongwa na lori. Alipotoka, mama mkwe wangu alikuwa amekwisha fika kutoka Fungurume na masharti yake. Mtoto wa namna hii habebwi mgongoni, alisema; ni yai lisilo na ganda. Halazwi kifudifudi, hapakatwi na jirani. Basi tukamlaza chali ndani ya katoni ya sabuni iliyojaa pamba, katikati ya chupa za maji ya moto, na nyumba nzima ikatembea kwa ncha za vidole kana kwamba Rais mwenyewe alikuwa amekuja kupumzika kwetu.

Akaishi. Hilo peke yake lilitushtua.

Kisha asubuhi moja mama mkwe alimwinua ili ambadilishe nguo, nyayo zake zikagusa paja la bibi, na mtoto akasimama. Nasema alisimama. Miguu ilinyooka kama nondo, mgongo ukakaza, kichwa kikaenda nyuma. Watoto wa umri wake katika mstari wetu wa nyumba za kampuni ya mgodi walikuwa bado wanalegea kama viazi vilivyochemshwa. Wetu, aliyekatiwa miezi miwili ya tumbo, alikuwa amesimama akitazama dari.

Majirani walikuja kuona, na kwa fahari bibi akalisahau sharti lake. Kila mwanamke alimsimamisha kwenye mapaja yake, akaimba kidogo, akampitisha kwa mwenzake. Vidole tu ndivyo vilivyogusa, visigino vilibaki juu hewani, na miguu ilipishana kama mkasi. Hakuna aliyeshangaa. Tulisema ana haraka, si alizaliwa na haraka? Kwenye robine, bomba la maji pale tulipopanga ndoo, nilisema mwanangu anasimama. Kufika jioni habari ilinirudia kwamba anapanda ngazi, na sikuona sababu ya kuisahihisha.

Mume wangu alikuwa mchomeleaji katika karakana ya kampuni. Pale karakana hakuna furaha isiyotengenezwa kwa chuma: mtu akioa, wenzake humchomelea kitanda; akijenga, humchomelea mlango. Kwa mtoto huyu walitengeneza kigari cha kujifunzia kutembea. Mmoja alikunja mabomba, mwingine akaleta beringi za roli zilizochoka ziwe magurudumu, wa tatu akakipaka rangi ya njano kama mashine za mgodi wa Mashamba. Kilihitaji wanaume wawili kukiingiza mlangoni. Naamini kingeweza kubeba tani ya shaba bila kulalamika. Tulimning'iniza mtoto ndani yake katika kiti cha kitambaa. Akasukuma kwa vidole, akaenda kinyumenyume hadi akagonga kabati. Tukapiga makofi.

Kwa hiyo siku ya kupima watoto uzito hospitalini nilikwenda nimejipamba. Muuguzi alipomtoa kwenye mizani, nilimsimamisha juu ya meza ili asinyimwe uhondo. Muuguzi aliacha kutabasamu. Alinielekeza mwisho wa korido, kwa kine.

Kine ni yule anayevifundisha viungo kazi yake upya. Chumba chake kilikuwa cha wachimbaji waliovunjika: mmoja amelala na mzigo umefungwa mguuni, mwingine, mzee mnene aliyeangukiwa na jiwe mgodini Mashamba, akijikokota katikati ya fimbo mbili za chuma zilizolazwa sambamba. Mimi nikapita katikati yao na kitu kidogo kuliko buti zao. Nikamsimamisha mwanangu mbele ya kine, nikangoja sifa.

Kine alimlaza, akajaribu kukunja goti. Goti likagoma kama springi mpya. Hakulilazimisha. Alimkusanya mtoto mzima kifuani pake, kidevu chini, mikono mbele, akamtikisa polepole kama mtu anayesubiri maji yachemke. Baada ya muda mrefu magoti yakalegea. Alipomrudisha chali tu, yakanyooka tena.

"Mama, nani alikufundisha kumusimamisha?"

"Hakuna mutu, munganga. Anasimama mwenyewe. Eko na nguvu."

"Hii haiko nguvu," alisema. "Ni kukaza. Hajui kuachilia."

Alinieleza taratibu. Tumboni mtoto hufundishwa kujikunja, na wangu alitoka kabla somo halijaisha, kisha akanyooshwa chali kwenye kioo na kwenye katoni. Labda ni hivyo tu. Labda pia kichwani kulikuwa na jeraha dogo. Hakuweza kujua, miezi ndiyo itakayosema. Lakini tukiendelea kumsimamisha, mshipa wa nyuma ya kisigino utafupika, naye atatembea kwa vidole maisha yake yote, au hatatembea. Tena nisihesabu umri wake tangu alipozaliwa. Nihesabu tangu siku aliyopaswa kuzaliwa.

Niliketi. Hapakuwa na kiti. Niliketi hivyohivyo, sakafuni, na kitenge changu kipya. Kila wimbo ulioimbwa juu ya mapaja ulinirudia masikioni.

Ni yule mzee wa kwenye fimbo aliyenisemesha. "Inuka, mama. Mi niko na miaka makumi tano na kitu, na njo banaanza kunifundisha kutembea. Tutaona na ule mutoto, nani wa kwanza atafika ku mulango."

Kine naye alikichukua kitenge changu na kufanya jambo lililokatazwa nyumbani kwetu. Alinipandisha mtoto mgongoni, miguu imepanuliwa kiunoni kwangu, magoti yamekunjwa, mikono ndani, mgongo umeviringika. "Hapa njo kitanda yake," alisema. Mwanangu alishusha pumzi. Nilikuwa na watoto wawili waliokulia mgongoni pangu, na huyu ndiyo kwanza nilikuwa nausikia uzito wake.

Mama mkwe aliponiona naingia hivyo, alishika ukuta. Tulibishana hadi mboga zikaungua. Kesho yake alikwenda mwenyewe ili kine amwonyeshe, akauliza maswali mengi kuliko mahakama, na kuanzia hapo ikawa shida kumpokonya mtoto mgongoni kwake. Nyumbani tulimlaza kifudifudi juu ya kitambaa kilichoviringwa, tukamwekea kijiko katikati ili mikono miwili ikutane. Wa kwanza aliyekuja kuomba tumsimamishe, bibi alimfukuza na ufagio.

Mume wangu alikaa jioni nzima akikitazama kile kigari cha njano. "Batu bote ku atelie banakijua," alisema mwishowe. Kisha alikirudisha karakana, akawaeleza wenzake, na mabomba yaleyale yakawa fimbo mbili fupi sambamba kama zile za kine, kimo cha stuli. Kine alisema bado. Zikakaa nyuma ya mlango zikingoja.

Sakafu yetu ilikuwa ya saruji, nyekundu kwa vumbi la mgodi hata uioshe na bahari nzima. Mtoto alipoanza kujivuta na kushika fimbo zile, na kine akaruhusu, nilikuwa nikimtoa kwenye beseni akichuruzika maji, nikimwacha azishike, kisha nikitazama alama alizoacha. Vidole. Vidole tu, kama ndege amepita. Watoto wa umri wake walikuwa wanakimbia na kuiba mapera ya jirani. Yule mzee wa Mashamba alikuwa amekwisha fika mlangoni kwake, na mlangoni kwetu pia, akiegemea mkongojo wake, kuja kumtania mshindani wake: "Mukubwa, nimekushinda. Nitakungoja."

Mguu wa kushoto hadi leo hushuka kwa kuchelewa, na viatu vyake huisha mbele kwanza. Wa kulia ulishuka siku ambayo sikuwa naungojea. Niligeuka kuchukua taulo; nilipotazama chini, pale kati ya fimbo mbili, nyuma ya vidole vitano kulikuwa na doa la duara.

Nilisahau kumfunika mtoto. Mume wangu alikuwa anaingia kutoka kazini, buti miguuni.

"Usikanyage," nilimwambia.

Alisimama kizingitini, akafuata macho yangu, kisha akachuchumaa polepole, kofia ya kazi bado kichwani. Joto la Kolwezi halingoji mtu, na alama ilianza kukauka tukiitazama. Vidole vilitangulia kufutika. Kisigino kilikuwa cha mwisho.