Mwanga Uliogoma Kushuka

Mimi sijui kutunga. Shule niliishia darasa la tatu, na nyumba yangu ya Hamugembe, hapa Bukoba, nimeijenga kwa bisibisi na spana, sikusaidiwa na mtu. Kwa hiyo nikikwambia jambo hili lilinitokea, lilinitokea. Ukitaka kucheka, cheka.

Kazi yangu ni kufunga spoti, zile taa mbili za nyongeza wanazopenda vijana wa bodaboda. Waya wangu hauungui. Naweka fyuzi, nafunga swichi kwenye usukani, kisha naelekeza mwanga kwenye ukuta wa karakana, pikipiki ikiwa tupu. Hapo ndipo penye dhambi yangu. Pikipiki ikipakia abiria na gunia la kahawa, nyuma inalala, mbele inainuka, na mwanga unampiga usoni anayekuja. Nilijua. Nani angenifundisha mimi? Lakini vijana walikuwa wakisifia, "Mzee, ukiwasha hizi wote wanakupisha!" nami nikavimba kichwa.

Asubuhi moja Deo, bodaboda wa Nshamba kule Muleba, akarudisha pikipiki niliyokuwa nimemfungia.

"Mzee, zitoe. Sizitaki tena."

Akaniachia ufunguo, akaondoka kwa miguu. Nilikasirika. Kazi yangu irudishwe? Nikaapa sitoi kitu.

Mchana, mawingu yamefunga, akaja mtu anasukuma baiskeli yenye mikungu ya ndizi. Mkono mmoja ameukinga machoni kama anayezuia jua. Jua gani?

"Waitu," akaniita kwa heshima, "shusha taa zako."

"Taa gani? Unaziona zimewaka?"

"Zinawaka tangu jana."

Nikajua ni mlevi. Akaegemeza baiskeli, akapanda kiti cha nyuma cha pikipiki ya Deo bila kuomba. "Haya, washa."

Nikawasha, nimwaibishe. Mwanga ukapanda ukutani hadi kwenye kofia yangu iliyoning'inia msumarini, usawa wa macho ya mtu.

"Mimi nafunga taa," nikamwambia, "sifundishi watu kutembea barabarani."

Nikainama kuokota bisibisi. Kuinuka, hayupo. Baiskeli haipo. Njia nzima tupu. Lakini niamini, pikipiki bado ilikuwa imelala nyuma, na mwanga uko palepale kwenye kofia. Nikashika kiti nikijaribu kukiinua. Kizito, kama kimekaliwa.

Jioni Deo akaja. "Mzee, mbona shokapu zimelala hivi? Umeipakia nini?"

Nikamweleza. Alikaa chini, juu ya oili chafu.

"Jana jioni nilikutana naye mteremko wa Nshamba. Nimebeba abiria na gunia. Alikinga macho, akaingia korongoni na baiskeli yake. Sikumgusa, mzee! Wanamzika kesho."

Nikachukua spana, nikashusha taa hadi mwanga ukafika usawa wa goti. Shokapu zikainuka polepole, zenyewe, sote wawili tunatazama.

Kesho yake nilikwenda. Tulimzika kwenye kibanja chake, katikati ya migomba. Mjane alinishika mikono yote miwili: "Asante, tata, baba yangu, kutoka Bukoba kote huko kuja kutufariji." Nikasema pole. Basi. Deo alinitazama, nikatazama udongo. Mpaka leo sijarudi kumwambia yule mama.

Siku hizi sielekezi taa mpaka mke wangu akae nyuma na gunia. Lakini zile nilizozifunga kabla zinazunguka kati ya Bukoba na Muleba, na sizikumbuki zote. Kama una moja, ilete niishushe. Na ukiwa njiani ukaona mtu anakuja amekinga macho, usijisifu kwamba anakupisha. Zima, usimame.

Mara nyingine, kabla mke wangu hajatoka ndani, nakuta pikipiki ya mteja imeshalala nyuma. Hapo simwiti mtu. Nawasha, nashusha mwanga taratibu, nangoja yeye mwenyewe ainuke.