Mlango wa Wageni

Mlango uliompoteza mama mkwe wangu niliuchora mimi, kwa mkono wangu, na nilipoumaliza nilijisifu.

Ilikuwa miaka ile watu wanavuka ziwa kwa maboti kila siku, na Kigoma imefurika kutoka Bangwe hadi gatini. Nilikuwa mchora ramani wa serikali, nimehamishiwa huko kutoka Iringa, nimeoa huko huko na kupanga nyumba Buzebazeba. Ofisi yetu ilikuwa jengo la enzi za Mjerumani, kuta nene ajabu, na mlango mmoja tu wa mbele. Mwenye kutaka muhuri, mwenye kesi ya shamba, mkimbizi aliyeshuka jana, wote walibanana pale pale. Mkuu wangu akaniagiza nichore lango la kisasa la kupokelea watu.

Nikachora milango miwili ya vioo, na benchi za kungojea. Wa kulia ni wa wananchi, unaingia maofisini. Wa kushoto ni wa wageni, unafuata ujia mwembamba hadi uani, yanakopakia malori ya kwenda kambini. Nilihakikisha kwamba anayeingia kushoto harudi nyuma. Mkuu alisema ni kazi safi, nami, mjinga, nikavimba kichwa. Sikujiuliza nani ataamua huyu ni mwananchi na huyu ni mgeni. Kazi hiyo aliachiwa mlinzi, mtu wa mbali kama mimi, ambaye sikio lake halikutofautisha Kiha cha wenyeji na Kirundi cha wakimbizi.

Mke wangu alipojifungua mtoto wetu wa kwanza, mama yake alikuja kumlea kutoka kijiji cha mpakani. Siku hizo mtu wa mpakani akiingia mjini ilibidi barua yake ya kijiji igongwe muhuri. Kesho yake asubuhi akaja ofisini kwetu.

Nilimwona kwenye foleni. Nilimtambua kwa mwendo, maana sura yake sikuijua. Kwa watu wa mke wangu, mwanamume na mama mkwe wake hawaangaliani usoni wala hawatajani majina. Mkikutana njiani, mmoja anapisha, mwingine anajifunika. Mtu wa kuja akioa kwao hupimwa kwa hilo, na mimi nilipenda kusifiwa. Aliponiona akavuta kitenge usoni. Nikageuka, nikaingia stoo ya karatasi, nikasimama humo mpaka nilipodhani ameshapita. Nilijiona mkwe mwenye adabu.

Jioni mke wangu akaniuliza mama yuko wapi. Nikakimbilia ofisini, nikakuta pamefungwa.

Mlinzi alinieleza kesho yake asubuhi, bila ubaya wowote. Aliona bibi anayeficha uso, Kiswahili hakijui, ana barua, na barua za kughushi zilikuwa nyingi. Akamwonyesha mlango wa kushoto. Mama hakubisha. Angesema nini? Mtu pekee aliyemfahamu mle ndani alikuwa mimi, na jina langu lilikuwa mwiko kinywani mwake.

Nilidandia lori nikaenda kambini. Siku tatu nilizunguka kati ya mahema na moshi wa kuni mbichi, nimechanganyikiwa, nikichungulia wazee wa watu kama mwizi. Karani wa orodha alichoka nami.

“Mzee, ana sura gani huyo mama?” akaniuliza.

Miaka minne nimemwoa binti yake, na ningeweza kumpita hatua moja nisimjue. Mbaya zaidi, nilijua kwamba akiniona yeye kwanza atajificha. Siku ya tatu nikaomba kipaza sauti, nikafanya jambo ambalo hakuna mkwe anayelifanya: nikamwita kwa jina lake, mbele ya watu, mara tatu. Wanawake walionisikia waliinamisha vichwa kwa aibu. Hakutokea mtu. Nikarudi nyumbani mikono mitupu, nikamwambia mke wangu hayupo kule.

Hakuniamini. Hakungoja arobaini yake iishe. Alimfunga mtoto mgongoni akaenda mwenyewe. Alimkuta mama yake siku hiyo hiyo, kwenye hema la wagonjwa wa kuhara. Alimuuguza siku mbili, akamzika huko.

Aliporudi alikaa kitako mlangoni, hakuingia ndani. Nikampa pole.

“Mama alikusikia ukimwita,” alisema. “Alikuwa hema la tatu kutoka pale uliposimama. Kitenge chake walikuwa wamemfunikia marehemu mmoja, hakuwa na kingine. Akaniambia, ‘Mwanangu, ningetokaje mbele ya mkwe wangu uso wazi?’”

Nilimwambia kwamba ningefumba macho.