Kamati ya Kwenda Mtoni

Safari ilikuwa ya watu wawili. Mimi na mwenzangu, Mmarekani mweusi aliyejifunzia Kiswahili chuoni, tumepiga makasia pamoja kwenye mto Potomac miaka sita, na tulitaka kwenda mito ya milimani Peru, juu kabisa, ambako hewa ni haba na hospitali iko mwendo wa siku mbili. Kosa langu ni kulitaja jambo hili kwenye pilau la Idi, mjini Silver Spring. Sisi Watanzania wa huku Marekani ukitutajia safari tu, tunaunda kamati.

Jumapili iliyofuata sebule yangu ilijaa watu. Mwenyekiti akawa shemeji yangu, kaka mkubwa wa mke wangu, mtu wa makamo mwenye kitambi na sauti ya kuhutubia. Yeye ndiye aliyemlea mke wangu baba yao alipofariki, na ndiye aliyenikabidhi siku ya harusi, kwa hiyo nyumbani kwangu hapingwi. Akatangaza kwamba naye anakwenda, maana amekulia Mwanza, ziwani. Makofi. Kisha tukajadili sare saa mbili nzima. Saa mbili! Kitenge cha bluu au cha kijani, na shingo iweje. Mwenzangu akauliza, kwa Kiswahili chake kilichonyooka, kama mwenyekiti anajua kujiinua kayaki ikipinduka. Watu wakacheka kwa adabu. Katibu akamwambia hilo litakuja kwenye mengineyo.

Sasa, hilo ndilo roho ya safari yenyewe. Kayaki ni kimtumbwi chembamba cha mtu mmoja; ikipinduka, wewe umebanwa humo kuanzia kiunoni, kichwa kiko chini kwenye maji ya barafu, na mto unakuburuta juu ya mawe. Usipojiinua mwenyewe, hakuna wa kukufikia. Ndiyo maana waongozaji wa kule wanataka barua: mtu mwenye uzoefu athibitishe kwamba kila anayekuja anaweza. Mwenye uzoefu nilikuwa mimi.

Nikampeleka shemeji kwenye bwawa la kuogelea, mjini Falls Church. Maji ya vuguvugu, mimi nimesimama ubavuni kwake, nikampindua taratibu. Alipapatika, akasahau kila nilichomwelekeza, nikamtoa akiwa amening'ang'ania shingoni, kamasi na maji vikimtoka puani. Mara ya pili vilevile. Ya tatu akakataa. Kwenye gari, tukiwa tumekwama kwenye foleni ya barabara kuu ya Beltway, akasema ni mafua tu, mtoni mwili utaamka wenyewe. Mtu mzima ananidanganya mchana kweupe, nami naitikia ndiyo, shemeji! Najichukia kwa jibu lile hadi leo.

Kikao kilichofuata aliripoti mwenyewe: mazoezi yamefanyika, maendeleo ni mazuri. Makofi tena. Barua ikasogezwa mbele yangu, kalamu juu yake.

"Hawezi," nikasema. "Nimempindua mara mbili, nimemtoa mara mbili. Mtoni atakufa."

Unadhani walishtuka? Thubutu. Kilichowashtua ni kwamba nimemvunjia heshima mkubwa mbele za watu. Katibu akaniomba nifute kauli. Halafu, wallahi, wakapata na suluhisho: nisaini, kisha kule mtoni niwe nakaa nyuma yake. Kikao kikapitisha kwa kauli moja. Shemeji alikuwa anatazama mikono yake. Alijua. Hilo ndilo lililonitia kinyaa kuliko yote.

Nikaichana barua. Wakaondoka bila kula.

Mke wangu hakuwa upande wangu. Aliosha vyombo kwa kishindo, akinisema kwamba nimemwaibisha mtu aliyemlea, na kwani ningepungukiwa nini kukaa nyuma yake? Si ningemtoa, kama nilivyomtoa bwawani?

"Nisingemtoa," nikamwambia. "Maji yangenipitisha kando yake, nikimtazama."

Akafunga bomba. Akajifuta povu mikononi.

"Mpigie kaka," akasema. "Nitamwambia mimi kwamba haendi."