Kofia Mkononi

Mimi ndiye mwanamume pekee katika kikundi chetu cha familia za askari waliofia kazini, na kwa sababu hiyo wajane wote wananiita Shemeji, hata wale ambao ningeweza kuwazaa. Mke wangu alikuwa koplo. Nilipokuja mara ya kwanza nilidhani nitakuta watu wamejiinamia wanalia. Nikamkuta Fundi.

Fundi ni mshonaji. Kibanda chake kimeegemea ukuta wa kituo cha polisi, na hakuna suruali ya askari pale ambayo hajaipunguza au kuiachia kiuno. Uenyekiti wa kikundi hakuna aliyempa. Alijitwalia kwa sauti. Sheria yake ni moja: atakayemwita marehemu wake malaika ataosha vikombe. Malaika hawakoromi, anasema, na mume wake alikoroma mpaka jirani akahama. Siku ile ya kwanza nikasema mke wangu hakuwa na kasoro hata moja. Nikaosha vikombe thelathini. Kufikia cha mwisho nilikuwa nimekumbuka alivyokuwa akinificha rimoti ya televisheni ndani ya pipa la unga, nikacheka peke yangu kwenye karo mpaka povu likanirukia usoni.

Jambo moja tu Fundi halichezei. Mumewe alipigwa risasi kwenye kizuizi cha barabarani miaka sita iliyopita. Binti yao wa pekee naye akaenda kujiunga na polisi. Fundi akamwambia akizivaa zile nguo asimpigie simu tena. Mtoto ana kichwa kigumu cha mama yake, kwa hiyo hakupiga. Miezi minane ikapita. Fundi naye hakupiga, ila kila askari aliyeleta suruali kibandani alihojiwa kuliko mshtakiwa: yule msichana wa kituo cha ng'ambo ya mto, amekonda? Anacheka?

Sasa, sote kikundini tulipewa habari kwa namna moja. Askari wawili mlangoni, kofia mkononi, na maneno yale yale: kaa kwanza. Hawasemi mpaka ukae. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na ung'ongo wetu sisi ni kofia isiyo kichwani.

Jumamosi moja asubuhi tulikuwa ukumbini, nyuma ya kituo, Bibi, mkongwe wetu kikundini, akitusimulia jinsi marehemu mwanawe alivyofeli mtihani wa kuendesha gari mara tano, naye ni askari wa barabarani. Tulikuwa hatuna mbavu. Mlango ukafunguka. Askari wawili. Mrefu, inspekta, kaishika kofia kwa mikono miwili chini ya tumbo. Jasho linamtoka.

Kicheko kikakatika. Kila mtu akapiga hesabu ileile: katika sisi wote, mwenye mtoto kazini ni mmoja tu.

Inspekta akauliza Mama Fundi ni yupi, kana kwamba hamjui, maskini, kwa kuchanganyikiwa. Fundi akainuka.

"Sikai," akasema.

"Mama, naomba tusogee pembeni kidogo."

"Nimesema sikai. Mtanisubiri mpaka kesho."

Akaanza kuzunguka ukumbi. Akapanga vikombe, akavipangua. Bibi, ambaye magoti yake humgomea hata kanisani, akasimama. Nami nikasimama. Kufumba na kufumbua wote tulikuwa wima, na mtu mmoja akawa anavisukuma viti ukutani kwa mguu, ili asipatikane wa kuketishwa. Mimi mtu mzima nilishikilia kiti kimoja juu ya kichwa. Sioni aibu. Nilikuwa nimeogopa kweli.

"Hata mimi siwezi kukaa, mama," inspekta akasema, karibu alie.

Mwenzake mfupi akachoka. Akamwambia: afande, waonyeshe tu. Inspekta akafumba macho, akaondoa kofia.

Suruali ilikuwa imefumuka kuanzia zipu hadi kiunoni nyuma. Alikuwa ameruka mtaro. Gwaride la ukaguzi lilikuwa linaanza baada ya nusu saa, na kibanda alikikuta kimefungwa.

Kisha Fundi akaangua kicheko kilichomkalisha sakafuni, sisi nyuma yake, Bibi akijifuta machozi kwa shati langu. Inspekta akavuliwa suruali, akafungwa kitambaa cha meza chenye maua, akasimama pembeni kama bibi harusi. Fundi akamwambia siku nyingine akija huku avae kofia kichwani, hata kama yuko uchi.

Ila sindano ilimshinda. Uzi ulipita kushoto kwa tundu, ukapita kulia. Nikamtungia.

"Shemeji," akaniambia chinichini, "nilikuwa natafuta neno la mwisho nililomwambia mwanangu. Nikalipata. Lilikuwa baya."

Akashona. Mshono ule usingefumuka hata kwa shoka. Inspekta alipotoka mbio, Fundi akachukua simu, na kwa bahati mbaya akagusa kitufe cha spika, kwa hiyo sote tulisikia ikiita mara moja tu kabla haijapokelewa.

"Mama?" Sauti ya binti ilikuwa nyembamba. "Mama, nani amekufa?"

"Hakuna, mwanangu. Wote wazima."

"Usinifiche. Ni mjomba? Niambie tu."

"Hakuna aliyekufa. Nimekupigia tu."

Halafu binti akaanza kulia, na katikati ya kilio akaanza kugomba: miezi minane, mama, halafu unanipigia hivi hivi tu, mimi niko lindo, unataka moyo unisimame? Aligomba bila kupumzika. Fundi wetu, kinara wa maneno, alisimama katikati ya ukumbi na simu mikononi, anacheka, machozi yanamchuruzika, akiitikia, "Ndiyo, mama. Ndiyo, mama. Sitarudia."