Kizito na bastola iliyong'aa kupita kiasi

Jumanne, Oktoba 14, asubuhi. Katika chumba cha nyuma cha ukumbi wa mnada, magharibi mwa London, Kizito Mushagalusa amekunja mikono ya shati. Anaisugua bastola kuukuu kwa stilwaya, nyuzi za chuma za kusugulia masufuria, huku akiimba wimbo wa kanisani kwa sauti ya chini.

"Nilikuwa na furaha," anasema. "Nilisema, leo bakubwa batanisifu."

Hawakumsifu.

Juu ya meza kulikuwa na bastola mbili, kazi ya kiwanda kimoja, zote zimepita miaka mia na hamsini. Moja ilitengenezewa maduka: imechorwa maua, chuma chake laini, imelala ndani ya sanduku la mahameli. Nyingine ilitengenezewa jeshi. Haina urembo. Ina mihuri midogo ya wakaguzi, na chini ya mpini imegongwa namba ya kikosi. Rangi yake ni ya kahawia iliyokolea, rangi ya uzee.

Uzee huo na mihuri hiyo ndivyo wanunuzi wanavyovifuata. Iliyokwenda vitani huuzwa ghali kuliko iliyokaa dukani. Kizito hakuambiwa.

"Miaka sita nafagia pale, nabeba masanduku. Hata siku moja hakuna mtu aliniita akasema, njoo uone, hii ya jeshi, hii ya duka."

Alichokijua kuhusu silaha alifundishwa kwao, Kivu Kusini, Kongo, akiwa kijana aliyeacha shule darasa la nne. Watu wenye bunduki walimchukua kwa nguvu awabebee mizigo na kuwasafishia silaha.

"Kutu ikionekana, ni fimbo. Hawamchapi mwenye bunduki, wanakuchapa weye unayesafisha."

Basi msimamizi wake, Norbert, alipomwambia wateja wanakuja kesho na kila kitu mezani king'ae, yeye akaking'arisha.

Adhuhuri, Sushila, mtaalamu wa silaha za kale, aliinyanyua ile ya jeshi, akaitazama kwa lenzi, akairudisha mezani taratibu kama anayelaza mtoto. Mihuri ilikuwa imefutika.

"Nani amefanya hivi?"

Kidole cha Norbert kilishafika kwa Kizito.

Tangu siku hiyo amesimamishwa kazi. Nyumbani kwake Tottenham, mzee huyu wa miaka hamsini na saba hatulii. Anachemsha chai, haimimini. Anafungua dirisha, analifunga, analifungua tena.

"Papa, kaa chini basi," bintiye Plamedi anamwambia kwa Kiingereza, lugha anayomjibia siku zote.

"Nikae juu ya nini? Hata kiti hiki watakuja kukipiga mnada."

Plamedi anacheka. Baba hacheki.

Kazi hiyo alitafutiwa na mkewe, Emérence, aliyeanza kusafisha ukumbi huohuo kabla yake. Miaka miwili iliyopita mama huyo alilalamika kifua kinambana, akaomba ruhusa. Aliambiwa amalizie wiki kwanza. Akaimaliza. Iliyofuata hakuimaliza; alifariki.

"Bakubwa habakosake," Kizito anasema, akitazama nje. "Sisi ndio tunakosaka."

Katika chumba cha wafanyakazi bado kuna msumari wa kutundikia aproni wenye jina la Emérence, limeandikwa kwa mkono wake. Kizito hutundika koti lake hapo. Akifukuzwa, msumari huo atapewa mwingine.

Varsha, mwenzake wa kazi anayeishi Hounslow, amempigia simu: "Bwana Kizito, omba radhi, kisha funga mdomo. Kazi irudi."

Radhi ameomba. "Mihuri nimefuta miye. Mikono ni yangu, sikatai."

Ijumaa ataitwa kwenye kikao cha pili, cha uamuzi. Anataka kurudi, na akirudi ataomba Sushila amkalishe hata saa moja amfundishe kuzitofautisha bastola zile, asije akakosea tena.

Ila mdomo hataufunga. Stilwaya hukaa katika kabati la dawa za usafi, na kabati hilo hufungwa kwa kufuli kutwa nzima, ufunguo ukikaa kwa msimamizi. Katika kikao cha kwanza aliuliza swali moja. Norbert akatazama dari. Mama wa ofisini aliyeendesha kikao akafunga kalamu, akasema muda umekwisha.

Ijumaa ataliuliza tena, kabla hajaketi.

"Miye sina ufunguo wa kabati lile. Sasa nani alinifungulia?"